Jina la Kitu na Alama Yake
Maneno kwa wakulima wa Nundu

Wazee, mama zetu, na ninyi vijana mnaokwenda machimboni na kurudi: leo twataka kusema habari ya alama, yaani herufi, namba na rangi zinazotiwa juu ya vitu ili vijulikane. Labda mtasema, "Hayo ni mambo ya makarani." Sivyo. Mtu asiyejua alama hununua asichokitaka, na hasara ni yake na watoto wake.

Tuanze na muhogo, maana ndio ugali wetu na ndio sombe yetu. Kila kijiji kina majina yake ya muhogo. Huku wauita kwa jina la mtu aliyeuleta, kule kwa rangi ya ngozi yake. Majina hayo ni mema nyumbani, lakini hayasafiri vizuri. Tazameni mfano. Huko Togo wakulima walikuwa na muhogo uitwao Gbazekoute. Wataalamu wa IITA, chuo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1967 huko Ibadan, Nigeria, wakauandika TME 419. Ulipofika Kongo, watu wakauita Obama. Majina matatu, muhogo mmoja! Tena muhogo TMS 30572, huko Uganda ni NASE 3, na jina lake jingine ni Migyera.

Alama hizi zina maana. TME ni muhogo uliotoka katika mashamba ya wakulima wenyewe. TMS ni muhogo uliozalishwa na kuchaguliwa na wataalamu. Ukiona TMS 92/0326, ile 92 ni mwaka 1992, na 0326 ni namba ya mche wenyewe.

Kwa nini jambo hili ni kubwa? Kwa sababu ugonjwa wa mozaiki hukaa ndani ya kijiti cha muhogo. Ukipanda kijiti kigonjwa, majani hujikunja na kuwa na madoa ya manjano, nawe utavuna mizizi midogo. Kijana ametoka Misisi na fedha yake ya dhahabu, amenunua vijiti kwa jina zuri tu: akidanganywa, amepoteza fedha, na mwaka mzima wa chakula pia. TME 419 hustahimili mozaiki. Lakini alama hiyo haisemi kwamba unastahimili kila ugonjwa. Uko na ugonjwa wa michirizi ya kahawia, uozeshao mzizi ndani wakati majani yaonekana kama mema. Basi uliza alama, kisha tazama shamba vijiti vilikotoka, na upasue mizizi michache uone.

Ninyi watu wa machimbo mwajua jambo hili. Magunia ya kasiteriti na koltani hufungwa lebo yenye namba, ili ijulikane yametoka shimo gani. Lakini lebo ikifungwa juu ya gunia la shimo jingine, lebo yasema uongo. Alama ni shahidi tu. Na shahidi sharti aulizwe.

Sasa mbolea. Juu ya gunia pameandikwa NPK 17-17-17. Maana yake: katika kila kilo 100 mna kilo 17 za azoti, 17 za fosfati na 17 za potasi. Azoti ni ya majani, fosfati ni ya mizizi michanga, potasi husaidia muhogo kujaza mizizi yake. Gunia la urea huandikwa 46, yaani azoti peke yake. Katika gunia la kilo 50 mna kilo 23 za azoti. Basi magunia mawili yenye uzito mmoja si kitu kimoja. Soma namba kwanza, ndipo uulize bei.

Mwisho, dawa za kuua wadudu. Hapa alama ni uhai. Chini ya karatasi ya chupa pana utepe wa rangi. Mwekundu: sumu kali sana, usiiguse. Manjano: sumu ya kudhuru. Buluu: jihadhari. Kijani: hatari yake ni ndogo kuliko nyingine, lakini si maji ya kunywa. Watu wengine humimina dawa katika chupa ya soda wapate kuuza kidogo kidogo. Mtu afanyaye hivyo ameondoa jina la sumu. Mtoto mwenye kiu aona soda, basi.

Haya ndiyo ya kushika:

1. Ukinunua vijiti, uliza jina la kijiji na alama pia. Andika zote mbili katika daftari, pamoja na tarehe na mahali vilikotoka. Asiyejua kuandika, amwite mtoto wa shule.

2. Usichanganye mihogo ya alama mbili katika mstari mmoja. Weka kibao mwanzo wa shamba.

3. Usinunue mbolea iliyomiminwa nje ya gunia lake, wala dawa isiyo na karatasi yake.

4. Ukimpa jirani vijiti, mpe na alama. Muhogo usio na jina hauwezi kuulizwa habari zake ukiugua.

Jina la nyumbani lisiachwe, maana ndilo linalokumbukwa. Lakini liende pamoja na alama, kama mtu na jina la baba yake.