KABLA YA KUBADILI PROSESA YA KOMPYUTA YA CHAMA

(Mazungumzo kwa viongozi na watendaji wa vyama vya msingi, Bariadi)



Mkulima wa Bariadi ambaye plau yake haichimbi haanzi kwa kununua maksai mpya. Kwanza hutazama kama chuma cha plau kimekwisha makali. Ndivyo impasavyo katibu wa chama ambaye kompyuta yake imekuwa nzito, na fundi akamshauri abadili prosesa.

Prosesa ndiyo ifanyayo hesabu zote za kompyuta. Hata hivyo, uzito wa mashine mara nyingi hutoka mahali pengine. Katika Windows, katibu akibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, huonyeshwa kwa asilimia jinsi prosesa, kumbukumbu na diski zinavyotumika. Ikiwa diski imefika 100 na prosesa iko 20, prosesa haina kosa. Diski ya kuzunguka na ibadilishwe kwa diski ya SSD. Ikiwa kumbukumbu ya gigabaiti 4 imejaa, na iongezwe kuwa 8. Ikiwa uzito huonekana tu wakati wa kuingiza taarifa katika mfumo wa MUVU wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, hapana budi kuchunguza mtandao kwanza.

Jambo la pili, si kila bodi ya kompyuta hupokea kila prosesa. Bodi zilizotengenezwa kwa prosesa za Intel za kizazi cha 6 na cha 7 hazikukusudiwa kupokea za kizazi cha 8, ijapokuwa idadi ya miguu ni ile ile. Katika kompyuta nyingi za mkononi prosesa imelehemewa kabisa. Aidha, huduma ya kawaida ya usalama ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel hutaka, kwa jumla, kizazi cha 8 au zaidi. Basi chama chaweza kununua prosesa, kikapata kasi, kisipate usalama.

Taifa lilikwisha kujifunza somo hili. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha katikati ya miaka ya 1960. Kazi ya kuhamishia hesabu katika mitambo hiyo ikaleta hasara, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Mtambo ulitangulia, maandalizi yakachelewa.

Kwa hiyo yafaa kubadili prosesa endapo mambo matatu yametimia: prosesa yenyewe ndiyo iliyoelemewa, bodi inaipokea, na gharama ni ndogo sana kuliko bei ya mashine nyingine. Likikosekana moja, fedha na zitunzwe kwa ajili ya mashine nyingine, kwa makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu.

Mwisho, mashine isifunguliwe katikati ya msimu wa pamba, wala kabla ya daftari la wanachama na hesabu za mizani kunakiliwa mahali pawili, pamoja pakiwa nje ya ofisi. Prosesa ikiharibika hununuliwa nyingine. Kumbukumbu za kilo za mkulima zikipotea, hakuna duka la kuzinunua, naye atasimama mlangoni mwa chama akidai haki yake bila ushahidi.