Usiku wa Kriketi Nairobi

Mimi nililelewa katika kandanda. Mwaka 1987, Gor Mahia ilipotoka sare ya 1-1 na Esperance ya Tunisia uwanjani Kasarani na kutwaa Kombe la Mandela kwa faida ya mabao ya ugenini, nilikuwa mtoto mdogo mabegani mwa baba.

Kriketi tuliiona kuwa mchezo wa wengine, hadi Februari 24, mwaka 2003. Siku hiyo, katika uwanja wa Gymkhana jijini Nairobi, Kenya iliishinda Sri Lanka kwa mikimbio 53, naye Collins Obuya akaangusha wiketi 5. Usiku ule vijana tulifurika mjini. Tulikula nyama choma, tukacheza dansi, tukamweleza kila mhudumu maana ya wiketi, ilhali sisi wenyewe tulikuwa tumejifunza asubuhi.

Nilirudi nyumbani alfajiri. Baba, ambaye hakuiacha Gor hata ilipofungwa, alinifungulia mlango akaniuliza: "Na hao wakishindwa, mtakwenda kuwatazama?" Nikamjibu, "Ndiyo, mzee."

Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia, ikatolewa na India mjini Durban. Baadaye ikaja migogoro ya uongozi na uhaba wa fedha, na mwaka 2014 ikapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja.

Nami, msikilizaji, sikurudi tena Gymkhana. Kukesha tulikujua, kusubiri na walioshindwa hatukukujua.