MIKUTANO YA ELIMU YA VINASABA NA WAJIBU WETU

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya watumishi wa Serikali na wananchi)





Nimetakiwa nieleze juu ya mikutano ya kimataifa ya elimu ya vinasaba. Wapo wananchi wanaouliza: wataalamu wanapokwenda kukutana huko ng'ambo, sisi tunapata nini? Swali hilo ni la haki, na inafaa lijibiwe kwa mambo yaliyokwisha kutokea.

Vinasaba ni maelezo ya urithi yaliyomo ndani ya chembe hai. Kwa binadamu maelezo hayo yanafikia kiasi cha herufi milioni 3,000, wingi ambao hausomeki bila ya kompyuta. Ndipo ilipozaliwa taaluma ya bayoinfomatiki. Siku hizi wataalamu huchunguza vinasaba, protini na kemikali nyingine za mwili kwa pamoja, na kazi hiyo haiwezekani kwa maabara moja peke yake. Kwa hiyo mikutano ni sehemu ya kazi yenyewe.

Mwezi wa Februari 1996, wakuu wa maabara zilizokuwa zikisoma jenomu ya binadamu walikutana Bermuda, visiwa vidogo vya Bahari ya Atlantiki, chini ya udhamini wa shirika la Wellcome Trust la Uingereza. Wakati huo palikuwa na khofu kwamba vinasaba vya binadamu vingegeuzwa mali ya makampuni kwa njia ya hataza. Wakiongozwa na John Sulston wa Uingereza na Robert Waterston wa Marekani, wajumbe walikubaliana kwamba kila kipande kilichozidi herufi 1,000 kitolewe bure kwa walimwengu wote, ikiwezekana katika muda wa saa 24. Aidha, waligawana sehemu za kusoma ili kazi isirudiwe mara mbili. Walikutana tena huko mwaka 1997 na 1998, na mradi ule ulitangazwa kukamilika mwezi wa Aprili 2003. Mwanafunzi yeyote mwenye kompyuta, awe London au Chake Chake, anaweza kuzisoma herufi hizo bila ya malipo. Hayo ni matunda ya mkutano.

Hata hivyo, Ndugu Wananchi, mlango ulio wazi humfaa mwenye miguu ya kuingilia. Takwimu zikiwa huru, wa mwanzo kunufaika ni yule mwenye mitambo na wataalamu. Jambo hilo lilitambuliwa mwezi wa Januari 2003 katika mkutano wa Fort Lauderdale, Marekani, ambapo ilikubaliwa kwamba wafadhili, watoaji wa takwimu na watumiaji wake wote wana wajibu, na kwamba anayetumia jasho la mwenziwe amtambue.

Kwa upande wa Afrika, mwaka 2010 ulitangazwa mpango wa H3Africa, ambao ulifadhiliwa kwa muda wa miaka kumi hadi 2022. Mpango huo ulifundisha vijana bayoinfomatiki na kuanzisha hifadhi za sampuli katika bara hili lenyewe. Mwaka 2020 watafiti wake walichapisha uchunguzi wa watu 426 kutoka makundi 50 ya lugha na kabila, wakaona tofauti za vinasaba zaidi ya milioni 3 ambazo hazijapata kuandikwa kabla. Maana yake ni kwamba dawa na vipimo vilivyotengenezwa bila ya kumtazama Mwafrika vinaweza visimfae ipasavyo.

Aidha, tusisahau ya mwezi wa Novemba 2021. Wanasayansi wa Afrika Kusini na Botswana walisoma vinasaba vya aina mpya ya virusi vya UVIKO-19, iliyoitwa Omicron, wakaitangaza bila ya kuficha. Badala ya kupewa shukrani, nchi za kusini mwa Afrika zilifungiwa safari na mataifa kadhaa. Uwazi bila ya haki humvunja moyo mwenye kusema kweli.

Mambo haya hayako mbali nasi. Mwaka 2017 ulichapishwa uchunguzi wa mabaki ya watu wa kale, yakiwemo ya Pango la Kuumbi, Unguja, na ya Makangale, Pemba. Vinasaba vyao vilisomwa katika maabara za ng'ambo. Ilionekana kwamba waliokuwa wakiishi hapa kiasi cha miaka 1,300 na 1,400 iliyopita walikuwa wa nasaba ya wawindaji wa kale, na mtu wa Pemba wa kiasi cha miaka 600 iliyopita alikuwa na nasaba ya karibu na ya watu wanaozungumza lugha za Kibantu. Hiyo ni khabari ya wazee wa ardhi hii, na haifai sisi tuwe wa mwisho kuisikia.

Kwa hiyo basi, napendekeza mambo matatu:

1. Mtumishi anayehudhuria mkutano wa aina hii aandike ripoti kwa Kiswahili fasaha, aeleze lililokubaliwa, nafasi za masomo zilizopatikana, na wajibu tuliobebeshwa.

2. Ofisi inayopokea maombi ya utafiti imtake mwombaji aeleze sampuli zitapelekwa wapi, zitahifadhiwa kwa muda gani, nani atazitumia baadaye, kijana gani wa hapa atafundishwa, na matokeo yatarejeshwa kwa njia gani.

3. Mwananchi anayeombwa damu au mate kwa ajili ya utafiti aulize mpaka afahamu. Ana haki ya kukubali na ana haki ya kukataa, wala kukataa kusimkoseshe matibabu.

Hatusemi milango ifungwe. Mgonjwa wa selimundu na mtoto mwenye malaria wanaihitaji elimu hii kuliko mtu mwengine yeyote. Tunalolitaka ni kwamba anayetoa damu yake ahesabiwe kuwa mshirika katika elimu hiyo, na apate khabari ya kilichoonekana ndani yake.