Antena Juu, Ethi Hakuna

Msikilizaji, ukipita mitaa ya Mwanza au Bukoba, angalia juu ya mapaa. Antena zimesimama kwenye mabomba ya chuma, nyingine zimefungwa kwenye mirunda kwa waya wa kufungia nondo. Sasa fuata bomba kwa macho mpaka chini. Mara nyingi hutaona waya wowote unaoingia ardhini, yaani ethi. Na hii ni Kanda ya Ziwa! Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi kwa wingi zaidi duniani.

Fundi atakwambia televisheni ni plastiki, haihitaji ethi. Basi mwambie ashike ile ncha ya chuma ya kebo ya antena wakati king'amuzi na televisheni vimewashwa. Mara nyingi vidole vitamwashawasha. Ni umeme kidogo unaovuja kutoka kwenye vifaa vyenyewe, nao umekosa pa kwenda kwa sababu kebo ile haijafungwa popote.

Kazi inayotakiwa si kubwa. Bomba la antena lifungwe waya wa ethi. Viwango vya kimataifa vinataka shaba isiyopungua milimita 16 za mraba. Kebo nayo, kabla haijaingia ndani, ipitishwe kwenye kiungo cha chuma chenye skrubu, ili ule wavu wa waya ulio chini ya ganda lake uungwe na ethi hiyohiyo. Waya ushuke moja kwa moja, bila kona kali.

Wapo wanaojitahidi, lakini wanaharibu hapa: wanachimbia nondo mpya upande wa antena, mbali na ethi ya nyumba iliyo karibu na mita ya umeme, kisha hawaziungi. Radi ikipiga jirani, udongo wa upande mmoja hupanda volti maelfu kuliko wa upande wa pili. Umeme hutafuta njia ya kwenda kusawazisha, na njia iliyopo ni kebo, king'amuzi, televisheni, kisha nyaya za ukutani. Kwa hiyo ethi mbili zisizounganishwa ni hatari. Ziunganishwe kwa waya mnene, nje ya nyumba.

Nisikudanganye: radi ikitua juu ya antena yenyewe, na ampea zake 30,000, televisheni huenda ikafa hata ukiwa na ethi. Tunachotaka ni mkondo mkubwa ushukie nje, usipite sebuleni walipokaa watoto. Kwa hiyo unapopatana bei na fundi, ethi iwemo. Tena mlipe baada ya kukuonyesha mahali waya ulipofungwa.

Na wingu likianza kutanda, chomoa plagi ya umeme na kebo ya antena, vyote viwili. Ukichelewa mpaka ngurumo ziko juu ya paa, usiguse kitu. Kaa mbali na televisheni, acha mvua ipite.