Hisa zetu zisifungiwe ndani ya mashine moja

Maneno ya timu ya uwanjani mbele ya mkutano wa wanachama



Komite ilituomba tuseme juu ya kompyuta. Habari yenyewe mnaijua. Mfadhili mmoja ameahidi kututumia kompyuta mbili za Mac zilizotumika, ili hesabu za hisa zitoke kwenye kaye ziingie kwenye mashine. Ofisini tuko na moja ya Windows. Kijana anayefuata vikundi vya kandokando ya ziwa anatumia Linux, kwa sababu laptopu yake ni ya zamani na Windows ilikuwa imeishinda. Tena kuna ndugu zetu waliochukuliwa kambini wakapelekwa Marekani, wale walioweka hisa katika mashine ya kusaga. Kila mwezi wanapiga simu: hisa yangu imefika ngapi? Basi feza ni moja, lakini mifumo inayoamsha kompyuta ni mitatu. Komite inauliza: programu gani tutumie?

Sisi tunaona hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: siku mashine ikifa, au mwenye programu akiamua kuiacha, hesabu zetu zitatoka namna gani?

Si woga unaotufanya tuulize. Wengi kati yenu mlivuka ziwa mwaka 1996 bila kubeba hata karatasi moja. Boti za kuwarudisha watu kutoka Kigoma hadi Baraka zilipoanza mwaka 2005, kuna waliokuja kudai feza ya likelemba na hawakuwa na kitu cha kuonyesha mkononi. Kaye ilikuwa imebaki ndani ya nyumba, na nyumba haikuwepo tena. Watu wa namna hiyo hawahitaji kufundishwa kwamba andiko likipotea, feza nayo imepotea.

Tuanze na kile tunachohesabu. Sanduku la funguo tatu halina shida. Ile njia ya AVEC, ambayo shirika la CARE liliianzisha Niger mwaka 1991, ilitengenezwa ili hata mtu asiyejua kusoma aweze kufuata: unanunua hisa moja mpaka tano kila mkutano, muhuri unapigwa kwenye karneti, mwisho wa mzunguko mnagawana. Tuseme sanduku lina dola 5 520 na hisa ni 1 840. Kila hisa ni dola 3, basi, mmemaliza. Kwa hiyo kazi kaye inatosha, na yeyote anayesema sanduku lenu linahitaji kompyuta anatafuta kazi.

Shida iko kwenye mashine ya kusaga. Pale watu wameingia kwa siku mbalimbali na kwa bei mbalimbali, wengine kwa dola, wengine kwa franka, na franka ya siku ile siyo franka ya leo. Faida imetolewa, wengine wakaichukua, wengine wakaigeuza kuwa hisa mpya. Mama aliyenunua mwanzoni na kijana aliyenunua mwaka uliopita hawawezi kupewa jibu moja. Hapo programu ya kufuata uwekezaji inakuwa na maana, na ni hapo pia mfumo wa kompyuta unaingia katikati.

Tuwape mfano kutoka Marekani kwenyewe, kwa sababu ndugu zetu wa kule waliitaja programu hii kwa simu. Inaitwa Quicken. Wakati huo ilikuwa ya kampuni ya Intuit, na watu wengi kule waliiandikia hesabu za nyumba na za hisa zao. Ilikuwepo ya Windows na ilikuwepo ya Mac. Jina lilikuwa moja, lakini ndani zilikuwa programu mbili tofauti. Faili ya upande mmoja haikufunguka upande wa pili mpaka igeuzwe, na katika kugeuza mambo mengine yalianguka njiani.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Quicken 2007 ya Mac iliandikwa kwa ajili ya mashine za Apple za zamani, zile za PowerPC. Mwaka 2006 Apple ilianza kubadilisha, ikaingiza chipu za Intel. Ili programu za zamani zisife, Apple iliweka mkalimani ndani ya mfumo, jina lake Rosetta, akawa anatafsiri lugha ya zamani kwa mashine mpya. Watu waliendelea hivyo miaka kadhaa. Mwaka 2010 Intuit ilitoa programu mpya ya Mac, Quicken Essentials, lakini hiyo haikuweza kufuata kila ununuzi na kila uuzaji wa hisa sawa na ile ya 2007. Aliyekuwa na Windows alibaki na kila kitu. Aliyekuwa na Mac aliambiwa hii ndiyo mpya, na mpya yenyewe ilikuwa na mikono mifupi kuliko ya zamani.

Halafu Julai 2011 Apple ikatoa mfumo wa Lion, na mkalimani yule akaondolewa. Aliyeweka Lion kwenye kompyuta yake alikuta Quicken 2007 haifunguki tena. Faili yake iko palepale, miaka yake yote ya hesabu imo ndani, ila hakuna wa kuisoma. Machi 2012 ndipo Intuit ikatoa Quicken 2007 iliyorekebishwa kwa Lion, kwa karibu dola 15. Tangu Julai mpaka Machi hesabuni wenyewe. Quicken mpya yenye kufuata uwekezaji kwenye Mac ilikuja mwaka 2014.

Muone vizuri: hakuna aliyeiba feza za wale watu. Hisa zao zilikuwa zimekaa salama kwa madalali wao. Kilichofungwa ni andiko tu: ulinunua lini, kwa bei gani, ulipata nini. Wao dalali aliweza kuwapa karatasi nyingine. Sisi hatuna dalali. Andiko letu ndilo hisa yenyewe, na likifungwa hakuna mlango wa pili wa kugonga.

Wenye Windows nao wasicheke. Microsoft ilikuwa na programu yake, Microsoft Money, ambayo haikuwahi kutoka kwa Mac. Mwaka 2009 kampuni ilitangaza kwamba inaacha kuiuza, na tarehe 30 Juni mwaka huo ikaacha kweli. Kampuni tajiri kuliko nchi nyingi ilichoka na programu ya hesabu, ikaiweka chini. Watu wa Linux kwa Quicken na kwa Money hawakupewa hata mlango wa kufungiwa: hakuna iliyowahi kutengenezwa kwa ajili yao.

Ndiyo maana maoni yetu yanaelekea GnuCash. Iko ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na faili moja inafunguka kwenye zote tatu bila kugeuzwa. Inashika hisa, inashika dola na franka katika kitabu kimoja, na kuna Kifaransa ndani yake. Si kwamba ni tamu kutumia. Inadai kila feza iandikwe ilikotoka na inakokwenda, na mtu aliyezoea kaye ya mstari mmoja atateseka majuma ya kwanza. Tena mtu mmoja tu ndiye anaandika kwa wakati mmoja. Mwingine akifungua faili hiyohiyo, programu inamwambia imefungwa. Kwetu hilo tunaliona zuri.

Hata hiyo haiko sawasawa kila mahali. Ile kazi ya kuvuta bei za hisa kutoka intaneti, kwenye Linux mara nyingi inakuja pamoja na programu. Kwenye Windows lazima kwanza uweke kitu kingine kinachoitwa Perl. Lakini mashine yetu ya kusaga haiko kwenye soko la hisa la New York. Bei yake tunaiamua sisi katika mkutano na tunaiandika kwa mkono, basi mega zetu zitabaki. Ndugu walioko nje wenye hisa za kule wanaweza kuangalia Portfolio Performance. Nayo ni ya bure na iko kwenye mifumo yote mitatu, ila ni ya kufuata hisa, siyo ya mikopo ya kikundi. Zile za kwenye simu tuziache kwanza. Kuna za Android zinazojiita ndugu za GnuCash, lakini hazitengenezwi na timu ileile.

Sasa tuje kwenye jedwali, yaani Excel na wenzake, kwa sababu tunajua ndilo litakalotumika kupeleka ripoti kwa wafadhili. Hapa ndipo feza inaweza kubadilika bila mtu yeyote kuiba.

Kompyuta zetu nyingi zimewekwa kwa Kifaransa. Kwa Kifaransa, 2,500 ni mbili na nusu. Kwa kompyuta ya Kiingereza ni elfu mbili na mia tano. Ndugu wa Marekani akituma jedwali la maandishi matupu lenye 2,500, mashine yetu inaweza kumwandikia dola mbili na nusu, na haitalia. Tarehe 03/04 kwetu ni tarehe 3 mwezi wa nne. Kwao ni tarehe 4 mwezi wa tatu. Mkopo unachelewa au unawahi karibu mwezi mzima.

Halafu kuna jambo la Mac ambalo watu wengi hawalijui. Excel haishiki tarehe kama tarehe. Inashika idadi ya siku. Ile ya Windows ilianza kuhesabu toka mwaka 1900, ile ya Mac ya zamani ilianza toka mwaka 1904. Tofauti yake ni siku 1 462, yaani miaka minne na siku moja. Ukichukua tarehe kwenye faili la Mac la wakati ule ukaibandika kwenye faili la Windows, mkopo wa tarehe 10 Juni 2008 unaweza kusomeka 9 Juni 2004. Tangu Excel 2011, Mac nayo inaanza 1900, lakini faili za zamani zimebaki na hesabu yao. Mfadhili akitutumia jedwali lake la miaka hiyo, tuangalie tarehe mbele ya kuangalia feza.

Majina pia. Mama Béatrice akiandikwa kwenye mashine moja na kufunguliwa kwenye nyingine bila kuangalia namna herufi zilivyohifadhiwa, anatoka BÃ©atrice, na mashine inaamini ni watu wawili. Siku ya mgawanyo, yule wa pili hana hisa hata moja. Na kwa Linux, faili linaloitwa Hisa na faili linaloitwa hisa ni mafaili mawili. Kwa Windows ni moja.

Juu ya zile Mac zenyewe. Iko mashine nzuri, hatuikatai. Lakini zilizotumika tuulize kwanza zina mfumo gani na zinaweza kupandishwa mpaka wapi. Toka mfumo wa Catalina wa mwaka 2019, Mac haifungui tena programu za zamani za biti 32. Na kwa upande mwingine, Mac iliyozeeka sana inakataliwa na programu mpya. Ile Windows yetu ya ofisini nayo ni Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuipa msaada wa bure tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za umri wake hazikubaliwi na Windows 11. Kijana wetu anasema ataiweka Linux. Tunamwunga mkono, mradi hesabu ziwe zimeshatolewa kwanza.

Tunachoomba mkutano ukubali ni hiki. Kaye na karneti za mihuri zibaki. Kompyuta isaidie, isizirithi. Kila mwisho wa mwezi hesabu zote zitolewe kama maandishi matupu, CSV ya UTF-8, ambayo mashine yoyote inasoma. Mwaka uandikwe mbele, halafu mwezi, halafu siku. Hakuna alama yoyote ndani ya maelfu, na kila mwanachama awe na namba yake, asitegemee jina peke yake. Kopi moja ikae ofisini, moja kwa mshika ufunguo wa pili, moja nje ya mji. Jumla zichapwe kwenye karatasi na wenye funguo watatu waweke sahihi. Wafadhili nao tunawaomba watutumie ripoti kwa CSV pamoja na PDF ya kulinganisha, wasitume faili ambalo linafunguka kwa programu yao peke yake.

Mbele ya kujibu juu ya Mac, tufanye jaribio. Jumamosi ijayo tutachukua hesabu za mashine ya kusaga za mzunguko uliopita, tuziandike kwenye Windows, tuzifungue kwenye Linux, halafu ndugu mmoja wa Marekani atazifungua kwenye Mac yake na kutusomea jumla kwa simu: idadi ya hisa, thamani ya kila mtu, tarehe ya kwanza na ya mwisho. Jumla zikiwa sawa na za kaye, komite iandike barua ya aksanti na kukubali. Zikitofautiana hata kwa franka moja, tutafute ilipopotea mbele ya mashine hizo kupakiwa.

Kila kikundi kitume watu wawili, mmoja awe anayeandika kaye. Tunaanza saa tatu asubuhi, kwa sababu sola ya ofisi inachoka mapema siku za mawingu. Njooni na karneti zenu.