Durban: Besi ya gqom na kompyuta inayodanganya

Cato Manor, ambayo wenyeji huiita uMkhumbane kwa jina la kijito chake, iko magharibi mwa kitovu cha jiji la Durban, Afrika Kusini. Kuanzia mwaka 1958, chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi, wakazi wake Waafrika walihamishwa kwa nguvu, wengi wakipelekwa KwaMashu na Umlazi. Ni katika vitongoji kama hivyo ambako, mwanzoni mwa miaka ya 2010, vijana walizusha gqom, muziki wa mapigo mazito uliotungwa vyumbani kwa kompyuta, aghalabu kwa programu ya FL Studio kutoka Ubelgiji. Mwaka 2019 mmoja wao, DJ Lag wa Clermont, alishiriki kutengeneza wimbo wa Beyoncé uitwao My Power.

Gqom huegemea besi, na hapo ndipo kompyuta inapomdanganya mtunzi. Laptopu nyingi za Windows huja na viboreshaji vya sauti: huongeza besi, hukuza sauti ndogo, huitandaza sauti kushoto na kulia. Kwa mtazamaji wa filamu ni msaada. Kwa mtunzi ni uongo mtupu. Anasikia besi iliyonenepeshwa, naye anaipunguza ndani ya wimbo. Kesho yake, wimbo ukipigwa katika daladala, ambazo Durban huitwa teksi, mapigo yamekonda kama mgonjwa. Analaumu masikio yake, au anakopa fedha za kununua spika mpya.

Dawa haigharimu hata senti: viboreshaji vyote vizimwe katika mipangilio ya sauti, kabla ya kununua chochote.

Kisha kuna kasi ya sampuli. Muziki wa ubora wa CD una sampuli 44,100 kwa sekunde, ilhali kadi nyingi za sauti hupangwa kwa 48,000, hivyo kompyuta hulazimika kukokotoa upya. Wapo wanaodai madhara yake ni makubwa. Kwa mifumo ya sasa ni madogo, si ya kumkosesha mtu usingizi.

Lenye uzito zaidi ni bafa, yaani akiba ya sampuli ambayo kompyuta hujiwekea kabla ya kuitoa. Ikiwa ndogo mno, prosesa hushindwa kuijaza kwa wakati na muziki hukatika-katika. Sampuli 256 ni takriban milisekunde 6. Sampuli 2,048 ni takriban 46. Anayepiga kinanda huhitaji bafa ndogo, la sivyo sauti hubaki nyuma ya kidole. Anayesikiliza tu hana haraka, na aipandishe. Mpangilio wa kubana umeme, unaopunguza kasi ya prosesa, nao uondolewe wakati wa kazi.

Umebaki mvumo. Umeme wa Afrika Kusini, sawa na wa Afrika Mashariki, ni wa hezi 50, na mvumo wake huweza kupenya hadi kwenye spika kupitia chaja. Chaja ichomolewe, laptopu itumie betri. Mvumo ukikoma, kadi ya sauti haina kosa. Wapo wanaokata pini ya ardhi ya plagi ili kuunyamazisha. Hiyo ni hatari ya kifo. Laptopu na spika zikichomekwa katika soketi moja, mara nyingi mvumo hupungua.