Solfa Ilianzia kwa Watoto



Katika yubilei hii tukumbuke kwamba solfa tunayoimbia ilitengenezwa kwa ajili ya watoto. Mwaka wa 1841, mchungaji John Curwen wa Uingereza aliombwa atafute njia rahisi ya kufundisha uimbaji katika shule za Jumapili. Akaichukua njia ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich, akaiboresha. Baadaye wamisionari wakaileta Afrika.

Basi tusiwakaririshe watoto tu. Anayekariri hupata wimbo mmoja; anayesoma solfa hufungua kitabu mwenyewe.

Walimu wetu, kipindi cha dakika 30 kiwe na lengo moja. Dakika 5, wimbo wanaoujua wa Kimeru au Kiembu. Dakika 10, mapigo kwa makofi. Majirani zetu Wachuka wanajulikana kwa ngoma, na mapigo huingia mwilini kabla ya herufi. Dakika 10, sauti mbili tu, so na mi, kwa ishara za mkono. Sikio likishazishika, ndipo tuandike s na m ubaoni. Dakika 5, kila mtoto aimbe peke yake, tujue nani amebaki nyuma.

Wazazi, tuleteeni watoto kila Jumamosi. Vijana wa besi wanaondoka kwenda kutafuta kazi Nairobi, na mama zetu wa soprano wanachoka. Watakaoimba yubilei ijayo wako darasa la nne leo. Tuwafundishe.